Kupiga picha za wadudu kwa karibu na kulinda rangi zao: mwongozo kamili, kuanzia tuta la matembele hadi skrini ya simu

Nyuma ya jiko letu hapa Morogoro kuna matuta mawili ya matembele. Ukiyafunua majani asubuhi, mara nyingi utamkuta mdudu asiyezidi punje ya hindi, mviringo kama kobe, kingo zake zinapitisha mwanga kama kioo na katikati anang'aa dhahabu tupu. Wataalamu wanamweka kwenye jenasi ya Aspidomorpha. Sisi nyumbani tunamwita kobe wa dhahabu, basi.

Picha yangu ya kwanza ya mdudu huyu ilitoka rangi ya maharage ya jana. Ya pili ilitoka kijani. Ya tatu niliipiga baada ya kumfungia kwenye kichupa usiku kucha ili atulie, nayo ikatoka rangi ya chai ya rangi. Safari hiyo kamera haikuwa na kosa. Mdudu alikuwa amekufa, na dhahabu yake hutokana na tabaka nyembamba za ganda zenye unyevu. Akikauka, dhahabu inaondoka. Tangu siku ile sifungii mdudu, wala simweki kwenye friji kama baadhi ya watu wanavyoshauri.

Makosa yale mawili ya mwanzo ndiyo yaliyonifundisha kazi. Rangi unaipata au unaipoteza kabla hujabonyeza kitufe. Kompyuta husawazisha mwanga uliofika kwenye kamera, lakini ule ambao haukufika haiwezi kuuleta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu iko shambani.

Hatua ya 1: Jua rangi ya mdudu wako inatoka wapi

Wadudu wana rangi za namna mbili. Kuna rangi ya chembe, kama rangi ya nguo: wekundu wa kangambili wa kwenye bamia na pamba, au rangi ya chungwa ya kipepeo Danaus chrysippus anayezagaa kila mahali Afrika Mashariki. Hizi hazibadiliki sana ukizunguka. Kisha kuna rangi ya umbo, inayotokea kwa sababu tabaka au magamba madogo mno yanarudisha mwanga wa aina fulani na kuuacha mwingine upite. Dhahabu ya kobe wetu ni ya namna hii. Hata doa la bluu kwenye bawa la nyuma la kipepeo Junonia oenone ni la namna hii, na kijani cha chuma cha nzi wa jalalani pia.

Jipime kwa macho: sogeza kichwa chako, si mdudu. Rangi ikibadilika, ikizimika au ikihama kutoka bluu kwenda zambarau, unashughulika na rangi ya umbo. Hapo pembe ya mwanga ina uzito kuliko mpangilio wowote wa kamera. Isipobadilika, kazi yako ni nyepesi zaidi: tafuta mwanga safi na usiiunguze kwa mwanga mwingi mno.

Hatua ya 2: Vifaa, bila kufilisika

Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 inayofika ukubwa wa 1:1 ndiyo raha. Maana ya 1:1 ni kwamba mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwa lenzi ya aina hiyo unabaki na takribani sentimita 13 hadi 15 kati ya kioo na mdudu, nafasi ya kutosha kuingiza mwanga.

Kama huna, zipo njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni mirija ya kurefusha lenzi; ndani haina kioo, kwa hiyo haiongezi rangi yoyote. Hesabu yake ni rahisi: chukua milimita za mirija ugawanye kwa milimita za lenzi. Mirija ya 25 kwenye lenzi ya 50 inakupa nusu ya ukubwa halisi. Ya pili ni kioo cha kukuza cha kubana mbele ya lenzi, kama Raynox DCR-250, ambacho kinakaa vizuri mbele ya lenzi ndefu. Vile vioo vya bei chee vinavyouzwa seti ya vinne nilivinunua, nikavitumia wiki moja, sasa mtoto anachezea. Vinaweka ukingo wa zambarau na kijani kwenye kila unywele wa mdudu, na huwezi kulalamikia rangi wakati kioo chenyewe kinazitawanya.

Vingine: flashi ya juu ya kamera, betri za akiba, mkeka wa kulalia, na shati la kijivu au la rangi iliyofifia. Shati si utani. Dhahabu ya kobe ni kioo kidogo. Nilipopiga nikiwa na fulana nyekundu, mdudu alitoka na mstari wa shaba mgongoni, nikahangaika nusu saa kwenye kompyuta kabla ya kujitambua kwamba ule mstari ni mimi.

Hatua ya 3: Saa ya kutoka

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wadudu wengi bado wana baridi, umande unawashika, upepo haujaanza. Kuanzia saa tatu wanachangamka, na ifikapo saa sita jua liko utosini: mgongo wa mdudu unaungua, tumbo lake ni giza.

Mwanga wenyewe unabadilika rangi kadiri saa zinavyokwenda, na wapiga picha huupima kwa kelvini. Jua linapochomoza lina wekundu, kama kelvini 3000 na kitu. Jua la mchana ni karibu 5500. Mawingu yanapanda hadi 6500 hivi, na kivuli chini ya anga la bluu hufika 7000 au 8000, yaani mwanga wa bluu. Jicho lako linajirekebisha bila kukuambia. Kamera hairekebishi hivyo, au inabahatisha.

Kwenye matembele, migomba na kila penye majani mengi kuna shida ya ziada. Mwanga unagonga jani, unachukua ukijani, ndipo unamfikia mdudu. Picha yangu ya pili, ile ya kijani, ilitokana na hilo. Mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga ili cheupe kitoke cheupe) ya alama ya kivuli haikusaidia, kwa sababu ile inacheza kati ya bluu na njano tu. Ukijani unaondolewa kwa kitelezi kingine, cha kati ya kijani na waridi, ambacho watu wengi hawakigusi kabisa.

Hatua ya 4: Chagua mwanga mmoja

Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Wanapiga flashi kidogo, jua kidogo, kivuli kidogo. Flashi ina karibu kelvini 5500, kivuli kina 7500. Sehemu ya mdudu iliyoguswa na flashi inakuwa sawa na iliyobaki inakuwa bluu. Hakuna mizani ya weupe ya kuponya mbili kwa pamoja.

Ukitumia mwanga wa asili, tumia huo peke yake. Siku ya mawingu mepesi ni zawadi. Jua likiwa kali, mkinge mdudu kwa kitambaa cheupe chembamba, na uhakikishe ni cheupe kweli. Mwavuli wa bluu utakupa mdudu wa bluu.

Ukitumia flashi, iache itawale. Mahali pa kuanzia: modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), tundu f/11 (mlango wa mwanga wa lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), flashi nguvu 1/16. Halafu zima flashi upige picha moja. Ikitoka nyeusi, mwanga wa nje haupenyi na rangi yote itatoka kwenye flashi. Ukiona kitu chochote kwenye picha hiyo, shusha ISO au funga tundu kidogo. Ni jaribio la sekunde tano, na limeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote.

Flashi tupu haifai kwa wadudu wang'aao. Utapata nukta nyeupe iliyoungua, na kila kitu kando yake giza. Unahitaji kulainisha mwanga, kwa kitu ambacho mafundi wa studio wanaita difyuza. Sifa zake ni mbili: iwe kubwa ukilinganisha na mdudu, na iwe karibu naye. Kwa mdudu wa milimita 8, kipande cha ukubwa wa kiganja kilicho sentimita tano kutoka kwake ni kama anga zima. Mimi nilikata kifuniko cheupe cha ndoo, nikakipinda juu ya lenzi, nikapigia mwanga kupitia hapo. Kabla yake nilitumia kipande cha kidumu cha mafuta, nikashangaa kila mdudu wangu ana homa ya manjano. Plastiki iliyokaa juani hugeuka njano hata kama wewe unaiona nyeupe.

Kwa kobe wa dhahabu difyuza inakuwa zaidi ya chanzo cha mwanga, kwa sababu ndiyo anayoiakisi. Ikifunika upande wa juu na kushuka kidogo mbele na nyuma, dhahabu inaenea mgongo mzima, laini, na mikunjo ya ganda inaonekana. Ikiwa ndogo, unapata alama moja ya mwanga kwenye bakuli la kahawia. Hilo ndilo lilikuwa kosa la picha yangu ya kwanza. Izungushe difyuza taratibu, piga, tazama, izungushe tena. Picha kumi za namna hii si hasara.

Polariza, kichujio kinachofungwa mbele ya lenzi, hupunguza mng'ao wa majani na kuyapa ukijani uliokolea. Kwa wadudu wenye rangi ya chuma mimi siitumii, maana inabadilisha mng'ao wenyewe ninaoufuata.

Tazama pia nyuma ya mdudu. Flashi ikitawala na hakuna kitu nyuma yake kwa karibu, utapata weusi kama wa usiku. Tafuta jani au shina lililo sentimita chache nyuma, mwanga ulifikie.

Hatua ya 5: Utepe wa fundi bomba

Kamera inahitaji kuonyeshwa kitu kisicho na rangi, ili ijue mwanga una rangi gani. Kadi ya kijivu ya dukani ni nzuri. Karatasi nyeupe ya kuchapia si nzuri: huwekwa kemikali za kuifanya ing'ae, nazo hugeuza miali ya urujuani isiyoonekana kuwa bluu, hivyo picha yako itasukumwa kwenye njano.

Badala yake nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue ule utepe mweupe mwembamba ambao fundi bomba huuzungushia kwenye nyuzi za bomba lisivuje. Ule ni PTFE, weupe wake hauegemei upande wowote, na hauna kemikali za kung'arisha. Ukunje tabaka nyingi, ishirini au zaidi, mpaka usione kitu kupitia kwake. Ubandike juu ya kijiti cha aiskrimu. Sasa una rejea ya rangi inayotosha mfukoni, na ikichafuka unakunja mwingine.

Namna ya kuutumia: baada ya kumpiga mdudu, weka kijiti palepale alipokuwa, kielekee kulekule, chini ya mwanga uleule, upige picha moja. Usiweke pembeni kwenye jua wakati mdudu alikuwa kivulini. Hakikisha utepe haujaungua kwenye picha. Uwe mweupe wenye kijivu kidogo. Ukibadilisha mahali, saa au difyuza, piga rejea nyingine.

Kwa rangi za chembe nina nyongeza ndogo ya kizamani. Maduka ya rangi za nyumba hutoa kadi zenye vipande vya rangi. Ninaishika karibu na mdudu, natafuta kipande kinachofanana naye zaidi, naandika namba yake kwenye daftari. Jioni, macho yakiwa yamesahau, daftari halijasahau.

Hatua ya 6: Mipangilio ya kamera, na wekundu unaoungua kimyakimya

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichopokelewa na sensa. JPEG, faili la picha la kawaida, hupikwa ndani ya kamera, na ukipewa wali ulioungua huwezi kuudai mchele wake. Mizani ya weupe iache kwenye jua au flashi, kusudi picha zote ziwe na msingi mmoja. Ile ya otomatiki inahama kila unapobadilisha jani la nyuma. Mtindo wa picha uweke wa kawaida au wa upole, hasa kwa sababu kioo cha nyuma cha kamera kinakuonyesha picha kwa mtindo huo. Ule wa rangi kali utakudanganya.

Sasa kangambili. Ana wekundu mkali na mikanda myeusi. Histogramu ni mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Ile ya kawaida, ya mlima mmoja mweupe, itakuambia kila kitu ni salama. Fungua histogramu ya rangi tatu: mlima mwekundu tayari umegonga ukuta wa kulia. Nyekundu ikishagonga ukuta, kijani na bluu zinaendelea kupanda peke yake, na wekundu unageuka chungwa, kisha njano isiyo na umbo. Vinyweleo na mikunjo inapotea. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, wakati mwingine stopu nzima (yaani nusu ya mwanga), mpaka mlima mwekundu uachane na ukuta. Picha itaonekana na giza kwenye kamera. Ivumilie, utaifungua baadaye.

Zambarau ni mkorofi mwingine. Kereng'ende dume wa Trithemis annulata, anayekaa kwenye mabwawa na mifereji, mwili wake ni mwekundu uliofunikwa na unga wa bluu, na jicho linasoma zambarau. Kamera nyingi humtoa waridi, kwa sababu vichujio vya sensa havigawi mwanga sawasawa na jicho. Mizani ya weupe haitamponya. Kinachosaidia ni kadi ya vipande 24 vya rangi, ColorChecker, ambayo unaipiga picha na programu inatengeneza wasifu wa kamera yako. Ni ghali. Wasiokuwa nayo warekebishe zambarau peke yake kwa kutazama daftari, na wasiguse nyekundu zingine.

Hatua ya 7: Kulenga

Kwenye 1:1 kina cha ukali, yaani unene wa sehemu inayoonekana wazi, ni chembamba kama karatasi chache. Zima fokasi ya otomatiki, weka ukubwa unaoutaka, kisha sogea mbele na nyuma kwa mwili wako mpaka jicho la mdudu lionekane kwa ukali. Egemeza mkono wa kushoto kwenye fimbo au kwenye shina lenyewe. Kabla ya kulala kwenye mkeka, kagua siafu. Mimi nilishawahi kutokagua.

Usikimbilie f/22. Kwenye 1:1 tundu la f/11 tayari linafanya kazi kama f/22, na ukilifunga zaidi ukali wa picha nzima unalegea. Ukitaka kina zaidi, piga picha nyingi ukisogeza fokasi kidogokidogo, kisha uzipandanishe. Programu za kazi hiyo, Helicon Focus na Zerene Stacker, ni za kulipia. Hugin pamoja na Enfuse ni bure. Sharti moja la rangi: mizani ya weupe, nguvu ya flashi na kila kitu kibaki vilevile toka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na flashi uipe muda wa kujaa, la sivyo utapata mdudu mwenye mistari.

Wenye simu

Lenzi ya kubana juu ya simu inatosha kwa kuanzia. Ingia modi ya Pro, funga mizani ya weupe kwa kelvini, chagua RAW kama ipo, na uzime ule werevu unaotambua majani na kuyakoleza. Simu nyingi zikiona kijani zinakifanya kama cha tangazo la biashara. Kijiti cha utepe kinafanya kazi vilevile kwenye simu.

Hatua ya 8: Kwenye kompyuta

Kwanza zima mwanga wa usiku wa skrini, ule unaoifanya iwe ya njano kulinda usingizi. Kaa mahali ambapo taa au ukuta wa rangi hauangazi skrini. Programu za kufungulia RAW, Darktable na RawTherapee, ni bure na zinatosha kabisa.

Fungua picha ya utepe. Chukua kile kialama cha mizani ya weupe chenye umbo la kibomba cha kudondoshea dawa ya macho, bonyeza katikati ya utepe. Vitelezi viwili vitahama, cha joto na cha kijani na waridi. Nakili thamani hizo uzibandike kwenye picha zote za mwanga uleule. Kisha rekebisha mwangaza. Ukolezaji wa rangi uguse mwisho kabisa, kidogo, huku ukitazama kama nyekundu na njano bado zina mikunjo ndani yake.

Kuna swali la haki hapa: kipepeo aliyepigwa saa kumi na mbili na dakika arobaini, amemwagiwa jua la dhahabu, umwondolee hilo jua? Picha ikiwa ya kumtambua mdudu, ndiyo, liondoe lote. Ikiwa ya ukutani, mimi huacha sehemu ya joto ile, maana alfajiri nayo ilikuwepo. Ukijani wa majani siuachi kamwe.

Hatua ya 9: Kutuma

Hamisha picha kwa sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na skrini na programu nyingi. Ukihamisha kwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, programu zisizosoma wasifu wa rangi zitaionyesha imechujuka, na utalaumiwa wewe. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo mtu anayetaka kumtambua mdudu mtumie kama nyaraka, pamoja na picha ya kijiti cha utepe. Na ukiipima kwenye simu yako, tazama pia kwenye simu ya jirani. Zipo skrini zinazokoleza kila kitu kwa makusudi, na mpangilio wa rangi asilia umefichwa ndani ya menyu.

Mimi ninahifadhi picha tatu kwa kila mdudu: iliyokamilika, RAW yake, na ya kijiti. Kobe wa dhahabu ana folda yake. Ndani yake ile picha ya rangi ya chai ya rangi bado ipo.